Jina linasema 4, mawimbi yako 27

Kituo cha KFOR cha Oklahoma City kiliokota jina la bahati: kwa Kiingereza linasikika kama "nne", nacho kilikuwa chaneli ya 4. Lakini tangu vituo vikubwa vya Marekani vizime analojia, tarehe 12 Juni 2009, kinarusha matangazo kwenye chaneli ya 27. Kwenye runinga bado utaona 4, maana ndani ya mawimbi ya dijitali mna maelekezo yanayoiamuru runinga ionyeshe namba ya zamani.

Herufi hizi za utambulisho wa kituo ni ndugu wa zile za ubavuni mwa ndege zetu, 5H ya Tanzania na 5Y ya Kenya. Kule Marekani sheria inataka kituo kizitaje kila saa, pamoja na mji wake.

Fundi wa antena ana haki ya kulalamika. Anayeamini anatafuta chaneli ya 4 atanunua liantena refu la VHF, masafa ya chaneli za namba ndogo, kumbe ya UHF, masafa ya namba kubwa kama 27, ingemtosha. Kwa hoja hiyo, kiambishi -DT cha mwishoni mwa jina, kilichoashiria dijitali, kingebaki, angalau kiwe onyo.

Mimi sikubali. Kiambishi hicho kilizaliwa wakati kituo kimoja kina mitambo miwili hewani, WGN-TV na WGN-DT. Pacha mmoja akishazikwa, utepe wa kuwatofautisha ni wa nini? Tume ya Mawasiliano, FCC, iliviachia vituo vichague, na vingi vikarudi kwenye -TV. Isitoshe, WGN ni majigambo ya gazeti la Chicago Tribune, "gazeti kuu kuliko yote duniani". Hayakuwahi kuhusu masafa.

Wanaosema ukweli ni virusha-mawimbi vidogo vya vijijini, vinavyorudia matangazo ya vituo vikubwa, vyenye chaneli halisi katikati ya jina na D mwishoni. Chaneli za 38 hadi 51 zilipopigwa mnada, vilivyohamishwa vikabadilishiwa na majina. Nani atayakariri?

Kwa vituo vya nguvu ndogo, nakiri, kiambishi -LD, yaani dijitali ya nguvu ndogo, kina maana: kituo hicho hakina kinga, kikigongana na kikubwa ndicho kinachopisha.

Mwenye antena anaweza kupata chaneli halisi kwenye ramani ya FCC. Shida ni dukani, ambako boksi huandikwa tu "antena ya dijitali", kana kwamba mabati yale yanajua tofauti.