Wakanda ilijengwa Georgia, ikazinduliwa Kisumu

Mimi ni mtoto wa Kondele, Kisumu, na huu ni mwaka wangu wa 12 hapa Marietta, jimbo la Georgia. Kwa hiyo Black Panther, filamu ya mfalme shujaa wa Wakanda, nchi ya kubuni ya Afrika, ilipotoka Februari 2018, ilinivuta pande mbili. Sehemu kubwa ya filamu ile ilipigwa picha kwenye studio za karibu na Atlanta, mwendo wa kama saa moja kutoka kwangu. Na Kisumu, mji wa kina Lupita Nyong'o, mmoja wa waigizaji wake, ukaandaliwa onyesho lake la uzinduzi. Dada yangu alinipigia simu usiku wa manane saa za huku. "Umeona? Dunia nzima inataja Kisumu!"

Nilikwenda kuitazama wikendi ya kwanza. Pembeni yangu alikaa mama mmoja Mmarekani mweusi, rika la mamangu. Ndege ya mfalme ilipopenya ule msitu wa uongo na mji ukafunuka chini yake, yule mama alinishika mkono. Hakunijua wala hakunitazama. Alishika tu, kiganja kikiwa na jasho, na mimi nikamwachia mkono wangu mpaka alipoutoa mwenyewe.

Sitamdharau mama yule hata siku moja. Huku nimejifunza jambo ambalo Kondele haikunifundisha, kwamba mtu anaweza kuingia dukani na kila jicho likahesabu rangi yake. Nyumbani mwalimu, kondakta, askofu, polisi na hata mwizi wote walifanana na mimi. Sura yangu haikuwa adimu. Kwa aliyekulia Georgia miaka ya 1950, kumwona mfalme mweusi asiyeomba ruhusa ya mtu ni maji kwa mwenye kiu. Nao waliotengeneza walistahili sifa. Ruth E. Carter alichukua Oscar ya mavazi mwaka 2019, Hannah Beachler akachukua ya usanifu wa mandhari, na wote wawili walikuwa Wamarekani weusi wa kwanza kushinda katika vitengo hivyo.

Ninachokataa ni ile debe iliyopigwa juu yake. Tuliambiwa eti hatimaye shujaa mweusi amepata filamu yake, kana kwamba Wesley Snipes hakuwa shujaa wa filamu ya Blade mwaka 1998. Tukaambiwa pia kwamba hii ni filamu ya Afrika, na hapo ndipo ninaposimama. T'Challa, yule mfalme wa Wakanda, alibuniwa kwenye vitabu vya katuni mwaka 1966 na Stan Lee na Jack Kirby, Wamarekani weupe wawili. Lugha ya Wakanda ni Kixhosa cha Afrika Kusini. Nashukuru walitafuta lugha ya watu halisi, lakini sisi wa Ziwa Victoria tuliisikia kama wageni wengine wote. Na mapato yalipita dola bilioni 1.3. Jimbo la Georgia huwapa watengenezaji wa filamu punguzo la kodi la hadi asilimia 30 ya matumizi yao, 10 kati ya hizo wakikubali kuweka nembo ya jimbo, tunda la pichi, mwishoni mwa filamu. Seremala, mpishi na dereva wa Wakanda wengi walilipwa huku. Kisumu ilipata zulia jekundu la jioni moja.

Tena Disney, kampuni iliyoitoa Black Panther, ndiyo ileile iliyoomba mwaka 1994, ikapewa mwaka 2003, hati ya kumiliki maneno "hakuna matata" kwenye nguo zinazouzwa Marekani. Maneno ambayo bibi wa Mombasa huyasema akifungua mlango! Sijui mtu anawezaje kuniambia ananiwakilisha akiwa ameandikisha ulimi wangu kwa jina lake.

Nyumbani tulikuwa na njia yetu ya kumfanya shujaa awe wetu. Kibanda cha video mtaani kwetu kilikuwa cha mabati, mlangoni gunia, ndani mabenchi ya mbao mbichi yaliyochana kaptura zetu. Shilingi 10 unaingia. Muvi ilikuwa ya Hong Kong au Marekani, lakini sauti ilikuwa ya mtu kama DJ Afro, anayepachika Kiswahili juu ya Kiingereza, anampa jambazi jina la mtaa, anakuonya mapema kwamba steringi, yaani shujaa mkuu, hafi. Hatukuhitaji steringi afanane nasi. Tulihitaji aseme kama sisi.

Nimelielewa hilo vizuri zaidi kwa sababu ya binti yangu. Shuleni kwao waliombwa waje na mavazi ya nchi za wazazi wao. Nilikuwa nimemshonea gauni la kitenge kilichonunuliwa Kibuye, soko la Kisumu. Mwalimu wake, kwa nia njema kabisa, akamwambia angependeza zaidi na vazi la Wakanda, yanauzwa dukani. Jioni mtoto aliniuliza, "Mama, Wakanda ni karibu na kwa dani?" Dani ni bibi kwa Kijaluo, yaani mamangu. Nilikaa chini jikoni nikashindwa kumjibu. Nyumba ya dani wake ina namba ya ploti, ina mwembe, ina paka. Kwa nini ishindwe na nchi isiyokuwepo?

Wachache wanakumbuka kwamba Februari ileile ya 2018, kule Berlin, ilionyeshwa Supa Modo ya Likarion Wainaina. Ni filamu ya Kenya kuhusu Jo, msichana mgonjwa asiyetarajiwa kupona, anayetamani kuwa shujaa mwenye nguvu za ajabu, na kijiji kizima kinashirikiana kumpa nguvu hizo. Wanazungumza Kiswahili, Kikuyu na Kiingereza, kama watu wanavyochanganya kweli. Kenya iliituma kwenye Oscar. Hakuna duka la Marietta lililouza kofia yake, na binti yangu aliitazama mara tatu.

Desemba tulikwenda nyumbani. Siku moja mvua ilinyesha, watoto wakajaa sebuleni kwa mamangu, wakafungua Black Panther kwenye laptopu yangu. Mpwa wangu wa miaka 14 akazima sauti, akaanza kusimulia mwenyewe. Mfalme alikwenda Dunga, ufukweni mwa ziwa, kununua samaki aina ya mbuta akagombana na muuzaji juu ya bei. Jenerali mwenye mkuki akawa mama wa Kibuye anayewatimua kanjo, askari wa baraza la mji. Mamangu alicheka mpaka akajifuta machozi kwa leso. Binti yangu, anayeijua filamu ile yote kwa Kiingereza, alikuwa amekaa chini miguuni pa dani, mdomo wazi. Ilipokwisha alimvuta binamu yake shati.

"Anza tena," akamwambia, kwa Kiswahili.