Deni ni letu sote, lakini hatukulikopa sawa

Mwandishi wa makala kuhusu deni la taifa la Uganda anasema deni hilo ni jukumu la kila Mganda. Nakubali, ila si kwa kiwango kimoja. Ibara ya 159 ya Katiba inataka mkopo wa serikali uidhinishwe na Bunge, kwa hiyo wa kwanza kuulizwa ni mbunge aliyeinua mkono. Sisi wapiga kura tuna sehemu yetu pia: wakati wa kampeni tunamuuliza habari za barabara na mchango wa harusi, hatumuulizi amepitisha mikopo gani na kwa masharti yapi.

Jambo ambalo makala imeligusa juu juu ni dola, yaani mikopo inayolipwa kwa sarafu hiyo. Chukueni mkopo wa dola milioni 200 kutoka Exim Bank, benki ya serikali ya China, kwa ajili ya uwanja wa ndege wa Entebbe, uliosainiwa 2015. Bei ya dola moja ikipanda kwa shilingi 100 tu, mkopo wa kiasi hicho unaongezeka shilingi bilioni 20, na hakuna aliyekopa senti mpya! Mama muuza nyanya pale soko la Owino, Kampala, hajawahi kushika dola, lakini anailipia kwenye mafuta ya lori lililomletea mzigo.

Mwaka 1998 tulikuwa nchi ya kwanza kupunguziwa madeni chini ya HIPC, mpango wa kimataifa wa kuzipunguzia mzigo nchi maskini zenye madeni makubwa. Leo tumerudi kwenye foleni ya wakopaji. Naomba wizara ya fedha itangaze kila mkopo kwa lugha ambayo hata mfanyabiashara wa Busia ataielewa: kiasi, riba, sarafu, na mwaka wa kumaliza kulipa.