Kilo moja ya viazi, shilingi 746.6666666666666

Zoezi la hesabu nililowatungia wanafunzi mtandaoni lilikuwa jepesi: mkulima wa Uyole, Mbeya, kauza kilo 75 za viazi, bei ya kilo imetajwa, tafuta jumla. Skripti (programu fupi inayotunga swali) niliyoiandika kwa lugha ya JavaScript ilianzia kwenye jumla, 56,000, ikaigawa kwa 75, na kigeu, yaani jina linaloshika namba ndani ya programu, kikamwagika kwenye sentensi kama kilivyo: 746.6666666666666. Kwenye simu ndogo namba hiyo inakaribia kumaliza mstari. Nikaamuru ionyeshwe bila desimali, ikawa 747. Swali likapendeza, ila anayezidisha 747 kwa 75 anapata 56,025, na mashine, iliyoshika mkia wote wa desimali kimyakimya, inampa kosa.

Wapo walimu wanaosema basi onyesha tarakimu zote, usimfiche mtoto kitu. Nawaelewa, lakini tarakimu zote nazo si ukweli wote: kompyuta huhifadhi namba kwa sifuri na moja, ndiyo maana 0.1 kujumlisha 0.2 hutoa 0.30000000000000004. Mkia huo ni wa mashine, si wa viazi.

Wengine hukata kwenye maandishi tu na kuacha hesabu ya ndani ikiwa kamili. Kwenye fizikia wana hoja. Ukikadiria kila hatua, kosa hukua njiani, kwa hiyo heri kuonyesha tarakimu chache na kukubali jibu lililo karibu, mradi mwanafunzi aambiwe karibu ni kiasi gani.

Kwenye pesa sikubaliani nao. Hata 746.67 ni bei ambayo kwenye soko la Mwanjelwa hakuna muuzaji atakayeitamka. Siku hizi naanza na bei: skripti ichague kati ya 600 na 900, kwa hatua ya 50, kisha jumla itokane nayo. Anachokiona mwanafunzi ndicho anachosahihishiwa.

Imebaki koma ya kutenganisha maelfu. Kuiweka ndani ya kigeu chenyewe ni kukigeuza maandishi, na parseFloat, amri ya JavaScript ya kugeuza maandishi kuwa namba, ikikutana na "56,000" husoma 56. Kwa hiyo aliyepata jumla sahihi, akaiandika kama anavyoiona kwenye risiti, naye anakosa. Nimeweka mstari mmoja unaofuta koma kwenye jibu kabla ya kusahihisha. Kwenye swali naziacha, maana 1250000 lazima uihesabu kwa kidole.