Programu ya Windows 98 na Mzigo wa Unicode

Mtunzi wa programu anayetaka kazi yake iendelee kufunguka katika Windows 98 au Windows Me hukutana na swali ambalo wenzake wanaolenga Windows 10 pekee hawana haja ya kujiuliza: maandishi yatapitaje kati ya programu na mfumo endeshi? Microsoft iliacha kuihudumia mifumo hiyo miwili tarehe 11 Julai 2006, na wengi wangependa mjadala uwe ulizikwa siku hiyo. Hata hivyo, zipo mashine za viwandani na vifaa vya maabara ambavyo havikuwahi kuandikiwa viendeshi vya mifumo mipya, wapo wapenzi wa kompyuta za zamani, na zipo programu huria ambazo watunzi wake huona fahari kwamba zinafanya kazi popote. Hao ndio wanaoulizwa kama wabebe Unicode, yaani orodha moja ya namba kwa herufi za lugha zote, kwa ukamilifu, nusunusu, au waiache kabisa.

Chanzo cha tatizo ni kwamba Microsoft ilijenga nyumba mbili kwa wakati mmoja. Windows NT 3.1 ya mwaka 1993 iliwekewa Unicode tangu msingi, ilhali Windows 95, iliyolazimika kuenea katika kompyuta zenye megabaiti 4 za kumbukumbu, iliendelea na kurasa za msimbo, yaani majedwali ambayo kila moja hubeba herufi za kundi dogo tu la lugha. Kwa hiyo karibu kila kitendakazi cha mfumo kinachogusa maandishi kina sura mbili: kinachoishia na A hupokea ukurasa wa msimbo, na kinachoishia na W hupokea Unicode. Katika NT, W ndiyo kazi yenyewe, na A ni mkalimani tu. Katika Windows 95 na ndugu zake, 98 na Me, mambo yamegeuka, kwani vitendakazi vingi vya W vipo kwa jina, na ukiviita hurudisha hitilafu ya kwamba kazi hiyo haijatekelezwa. Programu iliyoandikwa kwa W pekee inaweza kupakiwa vizuri, kisha ikashindwa hata kuunda dirisha lake la kwanza.

Wanaotetea kubaki na A wana hoja isiyopaswa kubezwa. Programu moja, bila kiraka chochote, hufanya kazi kuanzia Windows 95 hadi mfumo wa leo. Msomaji wa Kiswahili anaweza hata kuikubali haraka kuliko wengine, kwa sababu Kiswahili cha herufi za Kilatini, pamoja na king'ong'o chake, hutosheka na herufi za ASCII, jedwali la msingi la herufi za Kiingereza. Ofisi inayoandika Kiswahili na Kiingereza tu inaweza kukaa miaka kumi bila kuona kasoro.

Kasoro huonekana pale jina la Ngũgĩ linapoingizwa katika orodha. Ukurasa wa msimbo 1252, unaotumika Ulaya Magharibi na ambao kompyuta nyingi za kwetu huja nao, hauna ũ wala ĩ. Mfumo haulalamiki. Hutafuta herufi inayofanana, ukaandika Ngugi, na data iliyohifadhiwa inakuwa imebadilika bila mtu yeyote kuarifiwa. Anayenakili utenzi wa hati za Kiarabu yuko pabaya pia, kwa maana ukurasa 1256 una پ na چ, lakini ڤ, ambayo waandishi wengi wa Kiswahili kwa hati hiyo huitumia kwa sauti ya V, haimo. Hapa ndipo ninapoachana na watetezi wa A. Programu inayokataa herufi humpa mtumiaji nafasi ya kutafuta njia nyingine, ilhali inayobadilisha herufi kimyakimya humharibia kumbukumbu huku akiiamini.

Tabia hiyo ya kutafuta herufi inayofanana imezaa madhara makubwa kuliko majina yaliyokosewa. Mwaka 2024 ilitangazwa dosari ya usalama katika PHP, lugha ya programu za tovuti, iliyopewa namba CVE-2024-4577: katika seva za Windows zenye kurasa za msimbo za Kichina au Kijapani, kistari laini cha Unicode, alama ya kukatia neno mwishoni mwa mstari, kiligeuzwa kuwa kistari cha kawaida, na mshambuliaji akaweza kupenyeza amri zake katika mstari wa kuendeshea programu. Seva hizo hazikuwa za Windows 98. Urithi wa A, kwa hiyo, si jambo la makumbusho.

Microsoft yenyewe ilijaribu kuziba pengo. Mwaka 2001 ilitoa tabaka la Unicode kwa Windows 95, 98 na Me, faili la unicows.dll, na baadaye zikaja maktaba huria kama libunicows. Mtunzi aliandika W tu, na tabaka likamtafsiria kila mwito kuwa A anapokuwa katika mfumo wa zamani. Lilikuja limechelewa, maana Windows XP ilitoka Oktoba ya mwaka huohuo, na zaidi ya hapo halikuongeza herufi hata moja ambayo ukurasa wa msimbo wa mashine hiyo haukuwa nayo. Liliondoa usumbufu wa mtunzi. Shida ya mwenye jina la Ngũgĩ lilikuwa halijaigusa.

Je, basi Unicode ya kweli haiwezekani humo? Inawezekana kwa sehemu, na sehemu hiyo ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Kitendakazi cha kuchora maandishi, ExtTextOutW, hufanya kazi hata katika Windows 95 iwapo kuna fonti yenye herufi husika, na Word 97 ilihifadhi maandishi yake kwa Unicode juu ya mfumo huohuo. Ugumu mkubwa uko katika majina ya mafaili. Diski huhifadhi majina marefu kwa Unicode, lakini mlango wa kuyafikia ni wa A, na hivyo faili lililoletwa kutoka kompyuta nyingine linaweza kuonekana katika orodha na bado likakataa kufunguka kwa jina lake refu.

Upande wa gharama ndio uliowashinda wengi. Kwa muda mrefu Python, lugha ya kuandikia programu, iliangalia toleo la Windows kila ilipogusa faili na kuchagua kati ya njia mbili, na kila njia ilihitaji kujaribiwa peke yake. Toleo la 2.6 la mwaka 2008 liliachana na Windows 9x, yaani 95, 98 na Me, mwaka uleule ambao kivinjari cha Firefox 3 nacho kilifanya hivyo. Visual Studio 2008, zana ya Microsoft ya kutengenezea programu, haikuweza tena kutengeneza programu za mifumo hiyo, kwa hiyo anayeng'ang'ania Windows 98 kwa zana za Microsoft hufungwa na kompaila (kigeuzi cha msimbo kuwa programu) ya mwaka 2005, pamoja na yote ambayo kompaila hiyo haiyajui. Sioni ubaya wa mradi mdogo wa kujitolea kusema kwamba mzigo huo umeushinda.

Jambo lililobadilisha hesabu ni Windows 10 toleo 1903, la mwaka 2019. Tangu hapo programu inaweza kutangaza katika maelezo yanayoambatana nayo kwamba ukurasa wake wa msimbo ni UTF-8, namna ya kuandika Unicode kwa baiti, na vitendakazi vya A vikapokea Unicode nzima. Windows 98 haiyasomi maelezo hayo, hivyo programu ileile ya A inaweza kuwa kamili katika mfumo mpya na yenye mipaka katika mfumo wa zamani, bila tabaka wala njia mbili. Wanaoumia ni walio katikati. Mtumiaji wa Windows 7, ambaye mfumo wake una W kamili, hurudishwa kwenye ukurasa wa msimbo kwa ajili ya kumridhisha mtu wa Windows 98, na huo kwangu ni ubadilishanaji mbaya mno kuukubali bila kuupima.

Kwa anayeamua kuendelea, ningependekeza maandishi yote ndani ya programu yawe UTF-8 na kigeuzi kiandikwe na mtunzi mwenyewe, kwani Windows 95 ya asili haikuja na uwezo wa kugeuza UTF-8. Mwito wa mfumo ufungiwe mahali pamoja, ambapo programu huchagua W kama ipo na A kama haipo. Kila inapolazimika kutumia A, matokeo yageuzwe kurudi Unicode na kulinganishwa na asili. Yakitofautiana, faili lisihifadhiwe kwa jina hilo, na mtumiaji aonyeshwe ni herufi gani iliyokwama.