Anahesabu mpaka mia, lakini viko vingapi?

Kila muhula ukianza, hakosi mzazi wa kuniambia kwa furaha, "Mwalimu, huyu wangu anahesabu mpaka mia." Napanga visoda vitano mezani, namwomba mtoto avihesabu. Anagusa kimoja kimoja: moja, mbili, tatu, nne, tano. Vizuri. "Haya, viko vingapi?" Anaanza upya: moja, mbili, tatu...

Mtoto huyu ana wimbo wa namba. Namba yenyewe bado. Hajatambua kwamba neno la mwisho alilotaja ndilo idadi ya visoda vyote. Rochel Gelman na C. R. Gallistel, wanasaikolojia wa Marekani, waliieleza kanuni hiyo mwaka 1978 pamoja na nyingine nne, na kila mwaka naiona darasani kwangu.

Ndiyo maana ningepunguza sana yale madaftari ya kuandika 1 hadi 100 katika madarasa ya awali, nikarudisha mdako. Mtazame mtoto anayecheza: anarusha jiwe juu, anakwangua kete kutoka shimoni, anadaka, anarusha tena, anazirudisha na kubakiza moja. Awamu inayofuata abakize mbili, kisha tatu. Jiwe liko hewani, hana nafasi ya kuhesabu kwa kidole. Jicho lenyewe lazima lione "tatu" kwa mara moja. Zikitoka tano naye anatakiwa abakize mbili, mkono wake unajua kwamba tatu zinarudi. Hiyo ni hesabu ya kutoa, na hakuna aliyemwandikia alama ya kutoa ubaoni.

Kiswahili nacho kinatubeba. Kumi na moja, kumi na mbili: mtoto anasikia kabisa kuna kumi na kitu juu yake. Tukifika ishirini msaada huo unakatika, maana neno lenyewe, lenye asili ya Kiarabu, halimwonyeshi kumi mbili. Hapo nafunga vijiti mafungu mawili ya kumi kumi, nampa ayashike, ayafungue, ayafunge tena. Siendi thelathini mpaka mikono yake izoee.

Mzazi mwenzangu, leo jioni mkiandaa chakula, mpe mtoto sahani nne umwambie, "Tuko sita. Bado sahani ngapi?" Kisha nyamaza. Usimtajie jibu, wala kaka yake asimnong'oneze. Mwache azunguke mkekani, aweke sahani mbele ya kila mtu, aone nani hana.