Kichwa cha Mwenyekiti

Mimi ni dereva wa Hiace ya chekechea moja huku Tabata. Wafanyakazi tunatakiwa kuwa na mwakilishi kwenye kamati ya wazazi, na kwa kuwa siku ya kuchagua walimu wote walikuwa na udhuru, jukumu likaniangukia mimi. Mwakilishi hana kura, ana chai tu. Lakini anasikia yote. Kwa hiyo haya sikuhadithiwa, nilikuwepo, tena spana ninayo.

Darasa la wadogo limebana. Mikeka ya kulala mchana ikishatandikwa, mwalimu hana pa kuweka mguu. Kupanua jengo ni hela ambayo hatuna. Ndipo Mwalimu Mkuu akaja na wazo la kichanja: jukwaa la mbao humo humo darasani, futi 4 kutoka sakafuni, juu watoto wachezee jiko na duka, chini pawe kona ya vitabu. Kamati ikashangilia. Watoto walipopata habari wakaanza kupaita "ghorofani" kabla hata mbao hazijanunuliwa.

Mwalimu Mkuu ni mama mpole, ila kwenye usalama wa watoto hana mzaha. Alikuja kikaoni na karatasi alizochapisha, mwongozo wa viwanja vya michezo wa Tume ya Usalama wa Bidhaa za Walaji ya Marekani. Mwongozo wenyewe unahusu viwanja vya nje, hilo alilisema mapema, "lakini kichwa cha mtoto hakipungui akiingia ndani." Akatusomea. Kizuizi cha pembeni kwa watoto wa chekechea kisipungue inchi 29 kwenda juu. Fito zisimame, zisilale, maana fito zilizolala mtoto anazipanda kama ngazi. Na uwazi kati ya ufito na ufito uwe chini ya inchi 3 na nusu, au uzidi inchi 9. Hapo katikati ni mtego.

"Mtego wa nini?" akauliza Mwenyekiti.

"Wa kichwa, mzee wangu. Hawa watoto vichwa vyao ni vikubwa ukilinganisha na miili. Mtoto anatanguliza miguu, kiuno kinapita, mabega yanapita, kichwa kinabaki. Ananing'inia."

Mwenyekiti wetu ni mstaafu wa uhasibu. Mtu wa suti, tai, na kalamu mbili mfukoni hata akienda msibani. Ukimwambia jambo la usalama, yeye kichwani linaingia kama bei. Alivuta kikokotoo, akabonyeza, akatutazama juu ya miwani.

"Inchi 3 na nusu, mnajenga darasa au rumande? Wekeni inchi 6 na ushee. Fito zinapungua zaidi ya theluthi. Mninga mnajua bei yake?"

Wajumbe wakaangalia vikombe vyao. Nani ambishie mzee aliyewapa mkopo wa ada nusu yao? Ikapita inchi 6 na ushee.

Fundi alikuwa wa Keko, mwepesi wa mkono na mzito wa kusikiliza. Kichanja kilikuja na kirikuu, kimefunguliwa vipande vipande, na mimi nikashirikishwa kubeba kwa sababu dereva akionekana amekaa huwa anahesabiwa hana kazi. Kazi ya mninga ilikuwa nzuri, hilo nampa. Ila mtu aliyezoea kulala chini ya gari ana jicho lake. Niliona bolti ndefu, ncha zimechomoza karibu inchi nzima kupita nati, tena kwa upande wa ndani wanakocheza watoto. Nikaona pia kichanja kimesimama tu karibu na ukuta, hakijashikizwa popote.

"Fundi, hii hufungi ukutani?"

"Bosi, mninga huo. Uzito wake unatosha."

"Na hizi bolti?"

"Hizo nitazipitishia msumeno."

Hakuzipitishia. Alipaka vanishi jioni ile, akatuambia ikifika asubuhi itakuwa imekauka kabisa. Ilikuwa msimu wa mvua, shati tu unaanika halikauki.

Kesho yake Mwenyekiti akaja kuzindua. Watoto wamekalishwa kwenye mkeka mbele ya kichanja, sare zimenyooka, utepe umefungwa kwenye ngazi. Kabla utepe haujakatwa, Mwalimu Mkuu akasimama na vitu viwili mkononi: kipande cha boksi kigumu alichokikata inchi 3 na nusu kwa inchi 6 na kidogo, na sahani ya bati ya jikoni aliyoipima kwa futi kamba, inchi 9 kamili.

"Hili boksi ndio kiwiliwili cha mtoto," akasema. "Na sahani ndio kichwa. Boksi likipita mahali, basi na sahani lazima ipite. Boksi likipita sahani ikagoma, mtoto hapandi hapa."

Akachomeka boksi katikati ya fito. Likapita hata halikugusa. Akaleta sahani. Ko! Ikagoma.

Darasa zima kimya, isipokuwa mtoto mmoja tunayemwita Mheshimiwa kwa sababu ya maswali yake. Yeye akasema, "Kichwa kimekwama."

Mwenyekiti alitabasamu lile tabasamu la mtu anayeona anadhalilishwa na sahani. "Mwalimu, bati halina akili. Mtu mwenye akili akiingiza kichwa anajua na kukitoa. Ngojeni niwaonyeshe." Akapanda. Tulisema "Mzee, acha," lakini kwa sauti ile ya adabu ambayo mtu akiamua haisikii.

Alipiga magoti juu ya kichanja, akavua miwani akaiweka pembeni, akapeleka uso kwenye uwazi. Uso ukapita. Masikio yakajikunja kuelekea nyuma, yakapita. Kichwa cha Mwenyekiti kikatokea upande wa darasa, juu kidogo ya watoto, kimetulia.

"Mnaona?" kikasema.

Kisha akavuta kurudi. Sasa, mwendo wa kwenda masikio hulala. Mwendo wa kurudi husimama. Akavuta, akasita. Akavuta tena, macho yakapanuka. Vanishi nayo ilikuwa bado inanata, ikamshika nyuma ya sikio la kushoto.

Watoto wa chekechea wamefundishwa kwamba mtu mzima akitokea mbele yao husalimiwa. Wakasimama wote kwa pamoja.

"Shi-ka-mooo, Mwenyekitiii!"

Mzee wa watu afanye nini? "Marahaba," akajibu. "Hamjambo?"

"Ha-tu-ja-mbooo!"

"Kaeni."

Wakakaa. Mheshimiwa peke yake akabaki amesimama. "Babu, unakaa huko juu?"

Hapo ndipo mambo yakaenda mbio. Mwenyekiti akajaribu kujigeuza ili atoke kwa ubavu, bolti moja ikadaka mfuko wa koti, ikafuatia sauti ya kitambaa kikichanika, ndefu, ya taratibu. Kichanja nacho, kwa kuwa hakikufungwa ukutani, kikaanza kuyumba. Mimi na mlinzi tukakimbilia nguzo, tukakiegemea. Tai ya Mwenyekiti ilikuwa imetangulia na kichwa, inaning'inia upande wa watoto, na Mheshimiwa aliponyoosha mkono akaifikia. Akaivuta. Nadhani alidhani ni kengele.

"Mwondoeni huyo mtoto!" Uso wa Mwenyekiti ulianza kubadilika rangi.

Mwalimu Mkuu akamfungua mtoto vidole, akailegeza tai, akairusha juu ya kizuizi. Hata katika hali hiyo alikuwa anafundisha. "Ndio maana nilisema hapa hakuna kamba, hakuna mtandio, hakuna skafu. Kitu chochote cha shingoni kinabaki chini."

"Mwalimu," kichwa kikasema, "somo lako nimelielewa."

Mama wa jikoni akafika na kidumu cha mafuta ya kula. Hakuuliza. Alipanda ngazi na kummiminia mzee kisogoni, na mafuta yakafanya yanayojua kufanya: yakashuka shingoni, yakaingia kwenye kola, yakaelekea mgongoni. "Si kwenye suti!" Masikio yakateleza, ila hayakupita. Sasa tulikuwa na mzee aliyekwama na aliyekaangika.

Fundi, aliyekuwa amekuja kudai salio lake, akasogea na msumeno. "Tukate tu."

"Mkate nini?" ikauliza sauti ya wasiwasi upande wa pili.

Simu ikaita kwenye mfuko wa koti uliobaki mzima. Jina likaonyesha ni mama nyumbani. Katibu wa kamati, kijana mwenye heshima zake, akaipokea. "Shikamoo mama. Ndiyo, yupo. Hawezi kuongea, yuko... yuko katikati ya ukaguzi." Baadaye tuliambiwa mama alimsikia mumewe kwa nyuma akisema "nitoeni," akadhani amekamatwa.

Mimi nilishatoka kwenda kwenye gari. Bolti za fundi zilikuwa za milimita 8, na bolti hiyo hufunguka kwa spana namba 13, spana ambayo mwenye Hiace hawezi kuikosa. Kila ufito ulishikwa na bolti mbili, moja juu na moja chini. Ukilegeza ya juu na kuitoa ya chini, ufito unasogea pembeni wenyewe. Hakuna haja ya msumeno, mafuta wala maombi, ingawa mama wa jikoni alikuwa ameshaanza maombi.

Nikavalisha spana. Nati ikazunguka, na bolti ikazunguka nayo, maana fundi alitoboa tundu pana. Nikamwita mlinzi aende upande wa watoto akaishike kichwa.

Akamshika Mwenyekiti kichwa.

"Ya bolti!" tukapiga kelele.

Akaishika kwa plaizi. Nati ikakubali, bolti ikatoka, nikausukuma ufito. Mwenyekiti akarudi nyuma na kukaa juu ya kichanja, masikio mekundu, nywele zinang'aa, vanishi sikioni. Watoto wakapiga makofi. Wengine wakaomba arudie.

Alishuka ngazi, akachukua miwani, akamwambia Mwalimu Mkuu, "Weka inchi unazotaka," akaondoka. Utepe ulikatwa na mimi baadaye, nilihitaji kamba ya kufungia buti la gari.

Fito ziliongezwa mpaka hata boksi likawa halipiti. Bolti zilikatwa, zikabaki hesi mbili tu, ile mizunguko iliyochongwa kwenye bolti, kupita nati, zikapigwa msasa. Nati zikabadilishwa zikawekwa zile zenye pete ya nailoni ndani, ambazo hazifunguki hovyo. Kichanja kikafungwa ukutani kwa eksibolti, zile bolti zinazotanuka ndani ya tundu la ukuta, na safari hii fundi alipoanza kusema habari za uzito wa mninga, mlinzi alimuonyesha mlango. Chini ya ngazi tuliweka magodoro membamba ya sponji.

Matunzo nikakabidhiwa mimi. Watu hawajui, lakini kichanja kinachorukiwa kutwa ni sawa na gari la barabara ya vumbi: kila kilichokazwa kinatafuta namna ya kulegea. Halafu mbao ikizidi kukauka inasinyaa, nati uliyoikaza ikabana, baada ya wiki chache haibani tena. Kwa hiyo kila Ijumaa nikishawashusha watoto narudi na spana namba 13 na kupita kwenye bolti zote. Kwa vibanzi vya mbao kuna mbinu ya Mwalimu Mkuu: unavaa soksi ya nailoni mkononi, ile nyembamba ya kike, unapapasa kila mahali mtoto anaposhika. Inaponasa, hapo pana kibanzi, unapiga msasa. Mzazi mmoja wa kiume aliingia darasani akanikuta peke yangu, nimevaa soksi ya kike mkononi, nabembeleza nguzo. Nikamweleza. Akasema, "Sawa, dereva," akamchukua mwanawe akaondoka bila kugeuka.

Tatizo la watoto kujazana juu lilimalizwa kwa rangi. Chini ya ngazi tumechora jozi 4 za nyayo nyekundu. Anayepanda anaacha ndala zake juu ya nyayo, zikijaa zote basi ghorofani kumejaa, subiri. Mheshimiwa aliielewa kanuni hii haraka kuliko wote: aliacha ndala moja kwenye jozi yake na ya pili kwenye jozi ya jirani, akapata juu nafasi ya watu wawili.

Kikao kilichofuata Mwenyekiti alikuja na suti nyingine. Hakuna aliyegusia jambo. Salamu, dua, kufungua kikao, kisha Katibu akasoma kumbukumbu za kikao kilichopita pamoja na taarifa ya uzinduzi. Alisoma vizuri mpaka kwenye kipengele cha kichanja.

"Mwenyekiti," akasoma, "aliingia kichwa kichwa."

Mimi nilimeza chai kwa njia isiyo yake. Mama mmoja mjumbe alijifunika mtandio usoni mabega yanacheza. Mwenyekiti akavua miwani, akaifuta polepole.

"Katibu, hayo maneno yafutwe."

"Niweke gani, mzee?"

"Weka 'alifanya ukaguzi wa kina'."

Mwalimu Mkuu akanyoosha mkono, akasema kwa utaratibu marekebisho ya kumbukumbu huamuliwa na kikao, si na mtu mmoja. Kura zikapigwa.

Kichwa kichwa ikapita.