Wakalvini na Tuhuma ya Mungu Asiyehitaji Mahubiri

Katika mijadala ya Wakristo wa madhehebu mbalimbali, ni mafundisho machache yanayokataliwa upesi kama yale ya Wakalvini, yaani wafuasi wa John Calvin, mwanamatengenezo wa Geneva wa karne ya 16, kuhusu kuchaguliwa tangu awali. Mtu akisikia kwamba yako makanisa yanayoamini kuwa Mungu aliwachagua watakaookolewa kabla ya kuumba ulimwengu, na kwamba hakuwachagua kwa sababu ya wema wowote aliouona mapema ndani yao, mara moja huhitimisha mambo matatu: kwamba hakuna haja ya kuhubiri, kwamba hakuna haja ya kuomba, na kwamba mwenye dhambi hana hatia kwa kuwa alipangiwa. Mmethodisti husema hivyo, Mpentekoste husema hivyo, na hata Mwanglikana na Mlutheri, ambao maungamo ya makanisa yao wenyewe yanakaribiana sana na hayo wanayoyashutumu, nao husema hivyo. Lakini katika maungamo rasmi ya Wakalvini hakuna hata moja kati ya hayo matatu lililokubaliwa; yote yamekanwa waziwazi. Wanahukumiwa kwa hitimisho ambalo wengine wamewatolea.

Malalamiko hayo si mapya. Sinodi ya Dordrecht nchini Uholanzi, iliyokutana mwaka 1618 na 1619, ilifunga kanuni zake kwa kuorodhesha maneno ambayo watu walikuwa wakiwasingizia: kwamba Mungu ndiye mwanzilishi wa dhambi, kwamba mteule anaweza kuishi apendavyo bila hofu, kwamba watoto wachanga wa waumini hunyang'anywa matitini mwa mama zao na kutupwa motoni. Sinodi ikasema inayachukia mafundisho hayo kwa moyo wote, ikawasihi Wakristo wayapime makanisa ya Matengenezo kwa maungamo yao ya hadharani, wala si kwa uvumi. Miaka 400 imepita, na ombi hilo bado halijapata wengi wa kulisikiliza.

Sehemu ya tatizo ni zile nukta tano za Ukalvini (upotovu kamili wa mwanadamu, uteule usio na masharti, Kristo kuwafia wateule, neema isiyoshindwa na kudumu kwa watakatifu) ambazo kila mjadala huanzia na kuishia. Nukta hizo zilizaliwa zikiwa jibu. Mwaka 1610 wafuasi wa mwanatheolojia wa Kiholanzi Jacobus Arminius, aliyekuwa amefariki mwaka uliotangulia, waliandika vifungu vitano vya kupinga mafundisho ya kanisa lao, na Dordrecht ikajibu hoja kwa hoja. Kuujua Ukalvini kwa nukta hizo peke yake ni kama kumjua mtu kwa majibu aliyoyatoa mahakamani. Katekisimu ya Heidelberg ya mwaka 1563, ambayo ndiyo iliyowalea waumini wa makanisa hayo kizazi baada ya kizazi, ina maswali 129, na la kwanza humuuliza mwanafunzi faraja yake ya pekee ni ipi katika uzima na katika mauti. Naye hujibu kwamba yeye si mali yake mwenyewe bali ni wa Yesu Kristo. Uteule hutajwa humo kwa kupita tu. John Calvin naye, katika toleo la mwisho la kitabu chake kikuu mwaka 1559, aliziweka sura za uteule baada ya sura ndefu mno inayohusu sala. Mtu aliyeamini kwamba uteule umeifuta sala asingeandika hivyo.

Hata hivyo swali la mahubiri linastahili kukaliwa kwa muda mrefu zaidi, kwa sababu ndilo linaloonekana kuwa na mantiki kuliko mengine yote. Kama idadi ya wateule imekwisha kuamuliwa, mhubiri anaongeza nini? Jibu la Wakalvini ni kwamba Mungu aliyeamua mwisho wa safari aliamua na njia ya kufikia mwisho huo, na njia hiyo ni mahubiri. Kanuni za Dordrecht zinasema kwamba kifo cha Mwana wa Mungu kina thamani isiyo na kikomo, ya kutosha kabisa kuondoa dhambi za ulimwengu mzima, na kwamba ahadi ya Injili lazima itangazwe kwa mataifa yote na kwa watu wote bila ubaguzi, pamoja na agizo la kutubu na kuamini. Ungamo la Westminster la mwaka 1646, linaloshikwa na Wapresbiteri, nalo linasema kwamba agizo la Mungu halimfanyi kuwa mwanzilishi wa dhambi wala haliyalazimishi mapenzi ya viumbe wake. Mtu anaweza kuona kwamba mambo hayo mawili, uteule na mwito kwa watu wote, hayapatani, na ana haki ya kulisema hilo. Lakini hana haki ya kudai kwamba moja kati ya hayo mawili halifundishwi. Mkalvini husoma katika Matendo ya Mitume 18 kwamba Bwana alimwambia Paulo asiogope, aendelee kunena pale Korintho kwa kuwa alikuwa na watu wengi katika mji ule, na anaona hapo kwamba uteule ndio uliomzuia mtume asiondoke. Paulo alikaa mwaka mmoja na nusu akifundisha.

Historia inaliunga mkono jibu hilo kwa kiasi ambacho wapinzani mara nyingi hawakizingatii. George Whitefield, aliyeanza kuwahubiria wachimba makaa ya mawe huko Kingswood karibu na Bristol mwezi Februari 1739 na kisha akamwita John Wesley, mwanzilishi wa Umethodisti, aje ashiriki kazi hiyo ya mahubiri ya wazi, alikuwa Mkalvini bila kificho. Alivuka bahari ya Atlantiki mara 13 kwa ajili ya kuhubiri. William Carey, aliyeshiriki kuanzisha chama cha misheni cha Wabaptisti wa Uingereza mwaka 1792 na kwenda India mwaka uliofuata, alitoka katika Wabaptisti waliofundisha kwamba Kristo aliwafia wateule wake mahsusi. Wamisionari wa Kiskoti waliofika Kibwezi nchini Kenya mwaka 1891, homa ikawaua kadhaa kati yao, na kazi yao ikahamia Kikuyu mwaka 1898, walitoka katika makanisa yaliyoshika Ungamo la Westminster; Kanisa la Kipresbiteri la Afrika Mashariki (PCEA) na hospitali za Kikuyu, Tumutumu na Chogoria ni matunda ya watu ambao, kwa mujibu wa tuhuma hiyo, wasingekuwa na sababu ya kuondoka kwao. Ni kweli kwamba ugonjwa unaotajwa na wapinzani uliwahi kuwapo. Katika karne ya 18 baadhi ya Wabaptisti wa Kikalvini nchini Uingereza walifikia kusema kwamba si halali kumwita asiyeamini aje kwa Kristo, kwa kuwa huenda hakuchaguliwa. Aliyewapinga kwa nguvu zaidi alikuwa Andrew Fuller, mchungaji wa kundi lilelile, kwa kitabu alichokichapisha mwaka 1785, na ndiye aliyekuwa katibu wa kwanza wa chama kilichomtuma Carey. Makosa hayo yalisahihishwa ndani ya nyumba yenyewe, na kwa hoja za Kikalvini.

Kuhusu sala, naona Wakalvini wana hoja yenye nguvu kuliko ile ya mahubiri, na ni ajabu jinsi inavyotumiwa kwa nadra. Tazama kesha lolote la maombi katika kanisa la Kipentekoste. Mama anayemlilia mwanawe aliyetekwa na pombe hamwombi Mungu amwachie kijana huyo nafasi sawa ya kuchagua hiki au kile na kisha asimame kando. Anaomba Mungu amvunje moyo, amfungue macho, amgeuze, amrudishe nyumbani kwa nguvu zake. Anaomba Mungu aingie mahali ambapo mwanawe amekataa kuingiwa. Hayo ndiyo hasa ambayo Mkalvini anasema Mungu huyafanya, na mama huyo akijibiwa hatasema kwamba mwanawe alikuwa na busara kuliko walevi wenzake, bali atasimama mbele ya kanisa na kumshukuru Mungu peke yake. Mtu huyohuyo, akipewa kipindi cha mafundisho siku ya pili, atafundisha kwamba Mungu hawezi kuugusa uamuzi wa mwanadamu. Magoti yake yalikuwa yamekiri jambo jingine.

Wakristo wengine nao hawako mbali na mafundisho haya kama wanavyodhani. Vifungu 39 vya Waanglikana, katika kifungu cha 17, vinafundisha uteule wa uzima na kuuita faraja tamu kwa wacha Mungu. Martin Luther aliandika mwaka 1525 kwamba mapenzi ya mwanadamu katika mambo ya wokovu yamefungwa, kwa ukali ambao Calvin hakuuzidi. Walutheri wa baadaye, katika mapatano yao ya mwaka 1577, waliushika uteule wa uzima na kukataa kwamba kuna agizo la Mungu la kuwapoteza wengine. Kanisa Katoliki kwenye Mtaguso wa Trento mwaka 1547 lililaani wazo kwamba neema ya kuhesabiwa haki huwafikia waliochaguliwa tu. Lakini Wadominikani na Wajesuiti walipogombana wenyewe kwa wenyewe kuhusu neema na hiari hadi mbele ya Papa, Paulo V aliufunga mjadala huo mwaka 1607 bila kulihukumu kundi lolote, akawakataza wasiitane wazushi. Waorthodoksi ndio waliosimama mbali zaidi, kwa Sinodi ya Yerusalemu ya mwaka 1672 iliyoyakataa mafundisho ya Kikalvini. Na mwaka 1913, Askofu Mwanglikana Frank Weston wa Zanzibar alipowashitaki maaskofu wenzake wa Mombasa na Uganda kwa uzushi baada ya ibada ya ushirika mtakatifu iliyofanyika katika kanisa la Wapresbiteri huko Kikuyu, ugomvi ulihusu uaskofu na uhalali wa huduma; uteule haukuwa jambo lililomkasirisha.

Iko sehemu ya sifa mbaya ambayo Wakalvini wameipata kwa matendo yao. Michael Servetus, aliyeukana Utatu, alichomwa moto Geneva tarehe 27 Oktoba 1553, na Calvin alitaka auawe, ingawa aliomba akatwe kichwa badala ya kuchomwa. Ni kweli kwamba mahakama ya Kikatoliki ya Vienne ilikuwa imekwisha kumhukumu kifo hichohicho, na kwamba Mlutheri Philip Melanchthon alikipongeza kitendo cha Geneva. Mwaka 1903 wafuasi wa Calvin wenyewe waliweka jiwe la kumbukumbu mahali pale wakilikiri kosa hilo. Whitefield niliyemsifu alitetea utumwa uruhusiwe Georgia, wakati Wesley aliupinga utumwa. Na mzigo mzito kuliko yote uko katika bara letu. Kanisa la Kiholanzi la Matengenezo nchini Afrika Kusini liliruhusu mwaka 1857 ibada zitenganishwe kwa rangi kwa ajili ya udhaifu wa baadhi ya waumini, na udhaifu huo ukaja kuwa mfumo, na mfumo ukatafutiwa Maandiko. Ilichukua hadi mwaka 1982 kwa muungano wa makanisa ya Matengenezo duniani, ukikutana Ottawa, kutamka kwamba kuutetea ubaguzi huo kwa theolojia ni uzushi, na kumchagua Allan Boesak, mchungaji wa Afrika Kusini aliyepinga ubaguzi, kuwa rais wake. Mwaka huohuo rasimu ya Ungamo la Belhar, linaloukataa ubaguzi huo, ikaandaliwa katika kanisa la Matengenezo la machotara wa Afrika Kusini. Walioonewa hawakulazimika kuuacha Ukalvini ili waupinge ubaguzi, na hilo ni jambo la kuzingatiwa. Lakini anayeona kwamba watu waliojiita wateule wa Mungu walijigeuza taifa teule dhidi ya wenzao haoni kitu cha kubuni.

Iko pia namna ya kusema. Vijana wengi wa Afrika Mashariki wanaochoshwa na injili ya mafanikio huyapata mafundisho haya kwenye simu, huyapokea kwa furaha kubwa, na katika miezi michache huwa wamekwisha kumwambia kila mchungaji wao wa zamani kwamba hajui Injili. Paulo aliwauliza Wakorintho wana nini ambacho hawakupewa, na fundisho linalosimama juu ya swali hilo lilipaswa kuzaa watu wapole kuliko wote kanisani. Linapozaa kiburi, jirani hahitaji kusoma Dordrecht ili alikatae.

Hoja nzito ya wapinzani, hata hivyo, ni ile ya Wesley katika mahubiri yake ya mwaka 1739: kwamba Mungu anayeweza kuwaokoa wote kwa neema isiyoshindwa, akaamua kuwapita baadhi, anaonekana mbaya kuliko Ibilisi. Calvin hakuikwepa, yeye mwenyewe alikiri kwamba agizo hilo linatisha. Waraka wa kwanza kwa Timotheo unasema Mungu hutaka watu wote waokolewe. Wakalvini wengi hueleza kwamba maana yake ni watu wa kila namna, kwa kuwa Paulo ametoka tu kuwataja wafalme na wenye mamlaka, na naona muktadha unawapa nafasi. Kwa Waraka wa pili wa Petro, unaosema Mungu hapendi yeyote apotee, maelezo yao huwa ya kujikaza zaidi. Tena yako madhara ya kichungaji: katika nyanda za juu za Scotland waumini wengi wacha Mungu waliishi hadi uzee bila kuisogelea meza ya Bwana, kwa hofu kwamba huenda hawamo katika wateule, ingawa Calvin alikuwa amefundisha kwamba mtu autazame uteule wake ndani ya Kristo tu.

Lakini Mmethodisti anayekiri kwamba Mungu anajua yote tangu milele anakiri pia kwamba Mungu alimuumba mtu akijua wazi kuwa mtu huyo atapotea, wala hakuacha kumuumba. Akisema kwamba Mungu aliiheshimu hiari, bado amesema kwamba Mungu aliona uhuru wa mtu huyo una thamani kuliko kuokolewa kwake, na huo nao ni uamuzi uliotangulia kuzaliwa kwake. Tofauti inayobaki kati yao si ndogo: mmoja anasema wote walipewa neema ya kutosha na baadhi wakaikataa, mwingine anasema wote waliikataa na Mungu akaushinda ukaidi wa baadhi. Mkalvini anadaiwa maelezo ya kwa nini ni baadhi tu. Mmethodisti anadaiwa maelezo ya kwa nini, kati ya ndugu wawili waliosikia mahubiri yaleyale wakiwa na neema ileile, mmoja aliamini na mwingine hakuamini, na ayatoe bila kusema kwamba wa kwanza alikuwa mwema kuliko wa pili.